Siku Nilipofunga Wimbo Bila Mawe

Jamani, mkitaka kucheka subirini nimalize, maana wengi huanza kucheka nikitaja tu neno kwaya, halafu nikifika katikati wananyamaza na kunitazama kama mtu aliyeingia msibani na viatu vya matope, na wana haki yao. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya kijiji kizima, na mgeni rasmi kakaa kivulini, na kipaza sauti cha betri mkononi, nikamwimbia bibi wa watu kwamba mjukuu wake hakuzikwa kwao kama alivyoambiwa, amezikwa njiani, na kwa kuwa watu hawakupiga makofi nikadhani hawajasikia vizuri, nikarudia. Tena nilirudia kwa sauti ya juu zaidi, huku nikimnyooshea mkono yeye mwenyewe. Basi kama bado mna hamu ya kusikia, kaeni.

Nilikuwa kijana, mwalimu mpya, mzaliwa wa Ujiji, nimepangiwa shule ya kijiji cha ujamaa ndani kidogo ya barabara ya Mwandiga. Kijiji chenyewe muda si mrefu kabla yangu kilikuwa pori na vichuguu, watu wakaletwa na malori kutoka vilimani, wengine wamebeba milango ya nyumba zao kichwani (naam, milango, kuta za udongo utajenga popote lakini mbao utazitoa wapi?). Mimi sikuletwa na lori. Nilikuja kwa baiskeli, nimechana nywele, nina cheti, na nilipofika nikaona kila kitu pale kinanisubiri mimi nikitengeneze.

Kwaya niliikuta. Ilikuwa ikiongozwa na Mama Tausi, Mmanyema wa Ujiji kama mimi, ila yeye aliolewa huko vilimani na akaletwa na lori pamoja na wakwe zake, mwanamke mfupi, mkali, anayependa ugomvi wa asubuhi kwa madai kwamba unachangamsha damu. Kwaya hiyo ilikuwa na wimbo mmoja tu, mrefu kama mwezi wa mfungo, kiitikio chake "Tumetoka mbali, wenzangu, tumetoka mbali", unaanzia enzi za utumwa na misafara ya Ujiji, unapita kwa wakoloni, unafika Uhuru, unamalizia na kijiji chenyewe, na kila ulipokaribia ugeni ulikarabatiwa, ubeti huu unaingia, ule unatoka.

Sasa sikilizeni utaratibu wake, maana hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Siku za wiki, tukitoka shamba la pamoja, yeyote aliweza kusimama akaimba ubeti aliotunga au akabadili wa zamani, na sote tuliitikia bila kuuliza. Aliyeudhiwa na mwenyekiti alimwimba mwenyekiti, aliyeibiwa kuku alimwimba mwizi (aliyekuwa safu ya nyuma, anaitikia kwa nguvu kuliko wote). Hayo Mama Tausi aliyaita maneno ya uani. Ikifika Jumamosi kinawekwa chungu kidogo katikati, na anayetaka ubeti wake uingie katika wimbo wenyewe anakuja na jiwe, anauimba mara ya mwisho na kulitia jiwe chunguni. Ubeti usiotiwa jiwe haukuulizwa, ulikuwa umekufa palepale na kuutaja tena ilikuwa mwiko. Kisha Mama Tausi anafunika chungu na kusema, "Wimbo umefungwa," na uliofungwa ndio huo utakaosikiwa na watu.

Mimi niliuona utaratibu huo ni wa kijinga. Mtu kaimba ubeti wiki nzima, kila mtu kaujua, halafu uachwe kwa sababu ya kokoto? Tena kulikuwa na visa. Kuna bwana mmoja alirekebisha mistari miwili ya juu na miwili ya chini, akatia jiwe moja, na Mama Tausi kwa ukaidi wake akaingiza ile ya juu tu, tukawa tunaimba kwamba pamba imestawi na papo hapo jua limeikausha. Ila kilichoniuma hasa ni changu mwenyewe. Kuna kiongozi alihamishwa, nami nikabadili jina lake katika ubeti wa sifa, nikaliimba jina jipya wiki nzima, na Jumamosi nikawa nasahihisha madaftari, sikutia jiwe. Siku ya ugeni kwaya ikamsifu aliyeondoka mbele ya uso wa aliyekuja. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniuliza kama nina ugomvi na serikali.

Basi nilipotoka pale, hasira zimenijaa, nikaitisha kikao cha kwaya na kuleta sheria mpya. Kuanzia sasa hakuna mawe. Ubeti wowote ulioimbwa ndani ya wiki umeingia, na asiyetaka wa kwake uende atasimama Jumamosi aseme utolewe. Nikaona nimemaliza, hakuna tena kusahau, hakuna nusu ubeti. Watu walipiga makofi, maana nilikuwa mwalimu na mwalimu akisema watu hupiga makofi.

Mama Tausi peke yake hakupiga. "Na yale ya uani, Mwalimu?"

"Mwenyewe atasema utolewe."

"Atasema mbele ya nani?"

"Mbele yetu, Mama Tausi. Kwani sisi si wajamaa?"

Alinitazama, akachukua chungu chake na mawe yake ndani, akakiweka kichwani na kwenda zake, na tangu siku hiyo Jumamosi hakuonekana tena. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Ukaja ugeni mkubwa. Mgeni rasmi kutoka mkoani angepita kutazama vijiji, na kwaya itakayompendeza ingeimba mjini Kigoma, uwanjani, watu wa wilaya nzima wapo. Tayari nilijiona nimevaa shati jeupe, mama yangu yuko mstari wa mbele na mashoga zake. Wiki ile beti zilimiminika, na jioni moja akasimama Anjelina.

Anjelina alikuwa mwanamke kijana, mkimya, mumewe anavua dagaa ziwani na kurudi mara chache, yeye anaishi na mama mkwe wake, Bibi Skolastika, ambaye miguu ilikuwa imeshakataa. Sikuwahi kumsikia akiimba peke yake. Siku ile aliinuka tu, hakututazama, akaimba hivi:

Nimemlaza njiani, kwenye kona ya mto,
Kanga yangu ndiyo sanda, kokoto ndiyo mlango,
Walionichukua wakasema twende, twende,
Bibi yake akiuliza, nasema kalala na babu.

Tuliitikia. Nakumbuka uitikio ulikuwa mzito kuliko siku zote na wanawake wawili walijifuta uso, na mimi nikawaza, huu ndio ubeti wa kutupeleka Kigoma. Sikuuliza ni nani aliyelazwa. Nilihitaji mahali pa kuupachika, na kwa kuwa ulisema njiani na ulisema walionichukua, niliuweka kwenye misafara ya watumwa, ukakaa vizuri kama sufuria na mfuniko wake, nikajisifu usiku kucha.

Jumamosi nikauliza kama kuna anayetaka wa kwake utolewe. Aliyemwimba mwizi wa kuku akatoa wa kwake, na mwizi akashukuru kwa sauti (ndivyo tulivyomjua). Kisha Anjelina akasimama nyuma kule.

"Toa ule wangu, Mwalimu."

Nilihisi kama mtu ananivua lile shati jeupe. Nikamuuliza, "Sababu?"

"Basi tu."

"Basi tu si sababu, Anjelina. Ubeti ukishaimbwa ni mali ya wote. Tuambie una ubaya gani."

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Mle ndani walikuwamo wapwa wa mama mkwe wake na majirani wanaochota naye maji. Bwana mmoja wa sauti ya chini akajitia kukohoa, akasema, "Mwalimu, si mwenyewe kasema toa," nami nikamjibu kwamba sheria ni sheria, bila sababu hatutoi. (Sababu wala haikuwamo katika sheria. Niliitunga palepale, nimesimama.) Anjelina akakaa. Mimi nikasema wimbo umefungwa.

Nadhani alijipa moyo kwamba mama mkwe hatafika, maana Bibi Skolastika alikuwa hatoki nje ila kuota jua. Hakujua kwamba mwenyekiti wa kijiji ameamuru kila nyumba itoe watu, na wazee wasioweza kutembea wabebwe na kukalishwa mbele, ili mgeni aone tunavyowatunza. Bibi aliletwa na vijana juu ya kiti, kavaa kanga mpya, akawekwa mstari wa kwanza kabisa, karibu na mimi kiasi kwamba nilisikia akihema. Nilimwamkia shikamoo, akaitika na kuniambia nisikaze sana sauti, nitaumia koo.

Tukaanza. Kwaya ilikuwa inapasua mawe siku ile, mgeni anatingisha mguu, mwenyekiti anamtazama mgeni na kutingisha wa kwake. Nilipokaribia ubeti wenyewe niligeuka kuwapa ishara, nikaona Anjelina safu ya pili ananitazama na kutikisa kichwa taratibu, hapana, hapana. Mimi nikadhani ni woga wa jukwaani. Nilimtabasamia.

Nikauimba. Uitikio ulitoka kwa watu wachache, umevunjikavunjika, na uwanja ukanyamaza kimya ambacho sijakisikia tena maishani. Sasa mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilisema moyoni, hii ndiyo maana ya kugusa watu, na mtu akiguswa hurudiwa, nikasogea mbele mpaka kwa yule bibi, kwa kuwa uso wake ndio uliokuwa umebadilika kuliko wote, nikamnyooshea mkono kama wafanyavyo waimbaji, nikauimba upya kuanzia njiani mpaka kalala na babu, polepole, neno kwa neno, kipaza sauti kikiupeleka mpaka kisimani. Safari hii hakuitikia hata mmoja.

Bibi Skolastika akasema, wala si kwa ukali, "Mwalimu, mto upi?"

Na mimi, wenzangu, mimi niliyesomea ualimu, nikajibu kwenye kipaza sauti, "Mto wowote tu, Bibi. Ni wimbo wa utumwa."

Hakunisikiliza. Alikuwa ameshanipita kwa macho, anaitazama safu ya pili. "Anjelina. Mwana wanje, mwanangu. Mto upi?"

Anjelina alitoka kwenye mstari, akaja akapiga magoti mbele yake kwenye vumbi. "Pale lori lilipokwama, mama."

Nikasikia mgeni rasmi anamuuliza mwenyekiti, lori gani? Mwenyekiti akaruka kama kaumwa na siafu, akapiga kelele, "Kwaya, endeleeni! Mwalimu, endelea!" Na mimi nikaendelea. Hilo ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo, kuliko hata ule ubeti. Mtu mwingine angetupa kipaza sauti akaondoka, mimi niliambiwa endelea nikaendelea, peke yangu, bila sauti hata moja nyuma yangu, nikaimba ubeti uliofuata, nao ulikuwa umetungwa na mimi mwenyewe, unaosema leo tumefika nyumbani, wa kulia hayupo tena. Niliuimba wote. Kiitikio nikajiitikia.

Nilipokoma, bibi alikuwa akizungumza na watu, si na Anjelina tena, na hakuhitaji kipaza sauti. "Kila aliyekwenda kule kwetu kukata ndizi nilimpa ufagio amfagilie mtoto. Mlikuwa mnaupokea. Mlikuwa mnarudi mnaniambia Bibi, pasafi. Kumbe kijiji kizima mlijua." Watu waliinamisha vichwa, wanaume wazima. Vijana walikuja kumbeba, akawakatalia, akainuka mwenyewe kwa miguu ile iliyokataa, akaondoka uwanjani hatua kwa hatua, na hakuna aliyethubutu kumshika.

Mgeni aliondoka bila kugusa mbuzi wake. Kigoma tulikuwa tumeshaikosa, na nawaambieni, hata sikukumbuka kuihuzunikia.

Jioni nilikwenda kwa Mama Tausi, maana nilikuwa sijaelewa bado, nimeelewa nusu tu. Alikuwa anapepeta mtama na hakunikaribisha. Alinieleza akiwa anaendelea kupepeta. Bibi alichukuliwa na lori la kwanza, la wazee. Anjelina na mtoto walikuja na la pili, pamoja na yeye Mama Tausi na wenzao, mtoto ana surua, mvua inanyesha, lori likakwama kwenye tope usiku kucha na alfajiri mtoto hakuamka. Dereva alikuwa na amri na hakuweza kungoja. Walichimba kwa jembe moja, wakafukia, wakapanda lori. Walipofika huku walikubaliana wote kumwambia bibi kwamba mtoto alifariki kabla hawajaondoka, akazikwa mgombani ubavuni kwa babu yake, ambaye mtoto alirithi jina lake, na kwa neno hilo bibi alikuwa anakula na kulala.

"Alitaka kulitoa tu kifuani," Mama Tausi akasema. "Ndiyo maana ya uani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulituuliza?"

Kesho yake nikaenda kuomba radhi. Nilikuta bibi amekaa mlangoni, chakula alichopika Anjelina kipo mbele yake kimepoa. Nilipiga magoti, nikaanza hotuba niliyoiandaa njia nzima, akanikatiza akaniuliza kama nina nguvu za kubeba. Alikuwa amekwisha kuwatuma watu wakamletee chipukizi la mgomba kutoka kwao, kutoka palepale mgombani. Alitaka kwenda kulipanda kwenye kona ya mto, kwa sababu kwao mtu hulala kwenye mgomba na si kwenye kokoto. Nikasema nitabeba.

Tulikwenda na lori la ushirika lililokuwa linafuata mbolea, bibi mbele kwa dereva, Anjelina na mimi nyuma na ule mgomba, na njia nzima nilimwambia tu ajihadhari na upepo. Tulipofika konani tukashuka. Jamani, barabara ilikuwa imechongwa. Greda lilikuwa limepita, limepanua pande zote mbili, kifusi kimemwagwa mpaka ukingoni mwa mto na kalavati jipya limewekwa, jeupe, zuri. Anjelina alitembea huku, akatembea kule, akasimama, akarudi, akachutama akagusa kifusi kwa kiganja. Akaenda ng'ambo ya barabara kabisa. Akarudi tena.

"Sipaoni, mama."

Bibi alikuwa ameegemea kalavati, hawezi tena kusimama sawasawa. Alimtazama mkwewe, akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji, "Basi chagua, mwanangu. Chagua popote, uniambie ni hapa. Nitakuamini."

Anjelina alifungua mdomo. Niliona kabisa alitaka kusema, hata mkono alikwisha kuuinua uelekee mahali fulani. Kisha ukashuka.

"Siwezi, mama. Siwezi kukudanganya tena."

Mimi nilikuwa nimesimama pale na mgomba begani, udongo wa kwao unanidondokea shingoni, na hakuna aliyeniambia niuweke wapi. Dereva alipiga honi, tukapanda, nikarudi na mgomba uleule.

Kwaya sikuongoza tena, na hata uhamisho niliuomba mwenyewe. Nimekuwa mwalimu mkuu, nimekaa kamati nyingi kuliko idadi ya meno yangu yaliyobaki, na humo nasikia kila siku mwenyekiti akisema aliyenyamaza amekubali, na watu wananyamaza, na katibu anaandika wamekubali. Mimi hunyanyua mkono nikasema mimi sijakubali wala sijakataa, niulizeni, wakanicheka, wakasema mzee ana vituko. Wacheke. Ila mtu akiniambia toa langu, iwe neno, iwe jina, iwe mchango wa harusi, natoa hapohapo na simuulizi sababu, maana niliwahi kuiuliza, na nilijibiwa.